Wimbo na Tupa: Furaha Isiyongoja Hali Njema

Kuna neno moja ambalo katika miaka hii ya karibuni limegeuzwa kuwa dawa ya kila maradhi. Kijana aliyehitimu masomo na kukosa ajira huambiwa, "Ridhika." Mama anayelea wajukuu kwa biashara ya maandazi huambiwa, "Ridhika, furaha inatoka ndani." Mstaafu anayefuatilia kiinua mgongo chake kutoka dirisha hili hadi dirisha lile huambiwa vivyo hivyo, na mara nyingi msemaji ni yule aliyeketi upande wa pili wa dirisha. Ushauri huo una ukweli, na mimi ni miongoni mwa wanaouamini. Lakini ni ukweli uliokatwa katikati. Na mstari wa shairi ukiukata katikati utabaki na kina cha kati tu, haujafika kituoni.

Nia yangu katika makala haya ni kuitetea hoja kwamba mtu anaweza kuwa na furaha yake bila kungoja mambo yamnyookee. Papo hapo nataka kuikana tafsiri inayoifanya hoja hiyo kuwa kifuniko cha chungu kinachochemka. Nitawaita mashahidi wawili ambao wasomaji wa ukumbi huu wanawafahamu vyema: lugha yetu na washairi wetu.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina maneno mengi katika mlango huu, na maneno hayo hayalingani uzito. Raha ni ya mwili na ya mahali: kivuli, shibe, kitanda, upepo wa jioni. Tunasema mtu "anakula raha", kana kwamba raha ni chakula, nacho chakula huisha sahanini. Starehe na anasa ni raha zilizogharimiwa. Shangwe, nderemo, vifijo na hoihoi husikika hadi nyumba ya tatu, na pengine ni kelele tupu, kwa kuwa wapo waliocheza ngoma usiku kucha huku mioyo yao ikivuja. Bahati ni jambo la kuangukiwa, kama embe bivu lililomdondokea mpita njia. Furaha haimo katika orodha hiyo. Furaha inaweza kukaa kimya. Inaweza kukaa na mtu asiye na kitanda, ikamkimbia mwenye vitanda vinne.

Raha na furaha tumezipokea kutoka Kiarabu, na bahati asili yake ni Kiajemi. Tulipozipokea tulimpa kila mgeni chumba chake, na si lugha zote zilizofanya hivyo. Katika Kijerumani neno moja, Glück, hubeba bahati na furaha pamoja. Hata neno la Waingereza la kumwelezea mtu mwenye furaha lilichipuka katika shina la kale lenye maana ya bahati. Sisemi kwamba watu hao hawaijui tofauti. Waijua sana, na wanafalsafa wao wameiandikia vitabu vingi. Nasema kwamba sisi tumerahisishiwa kazi. Mswahili anaweza kutamka, "Sikuwa na bahati, lakini nina furaha," na asiwepo wa kumwuliza amekusudia nini.

Tazameni pia namna sarufi yetu inavyotuhusisha na furaha. Tunasema "nina furaha", na kila aliyefundisha sarufi anajua kwamba maana ya asili ya umbo hilo ni kuwa pamoja na kitu. Furaha kwa Mswahili ni mwandani. Mwandani hatujui atakaa nasi siku ngapi, lakini anaweza kuketi nasi gizani kama anavyoketi nasi mchana.

Kisha zitazameni kauli za kitenzi chenyewe: furahi, furahia, furahisha, furahishwa. Kufurahi hakuhitaji shamirisho; "Asha amefurahi" ni sentensi iliyotimia, haidaiwi chochote. Kufurahia kunadai kitu cha kufurahiwa: mvua, matokeo ya mtihani, ujio wa mgeni. Kufurahishwa kunadai mtenda, na mwenye sentensi hubaki kuwa mtendwa. Naona kwamba watu wengi siku hizi wamehamia katika kauli ya kutendwa na kujenga humo nyumba za kudumu. Wanangoja wafurahishwe na watoto wao, na mwenzi, na mwajiri, na timu ya mpira. Siku mtenda asipotokea, maisha yao hubaki kama sentensi isiyo na kiima. Bendera hufuata upepo, wahenga walisema. Nayo bendera haina kosa, ndivyo ilivyoshonwa. Mtu hakushonwa hivyo.

Lakini neno ninalolienzi kuliko yote ni la Kibantu, nalo ni ukunjufu. Husemwa "moyo mkunjufu" na "uso mkunjufu", na mgeni hukaribishwa kwa moyo mkunjufu. Shina lake ni kunjua, ambalo ni kauli ya kutendua ya kunja, kama ilivyo funga na fungua, ziba na zibua, fuma na fumua. Kukunjua ni kuondoa mkunjo uliokuwapo. Kwa hiyo neno lenyewe linakiri kwamba hapo awali moyo ulikunjwa, na bila mkunjo hakuna cha kukunjua. Tena mkeka haujikunjui, wala haungoji sebule iwe nzuri ndipo ukunjuliwe. Mwenye nyumba huukunjua kwa mkono wake ili watu waketi, hata kama sakafu ni ya udongo na paa linavuja upande mmoja.

Hiyo ndiyo furaha ninayoizungumzia. Ni ya mtu aliyekunjwa na dunia, naye akaukunjua moyo wake kwa mkono wake mwenyewe. Ambaye hajapata kukunjwa bado hajaulizwa swali hili.

Shahidi wa pili ni ushairi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliuona mji wa Pate baada ya fahari yake kupita. Anatuonesha majumba yaliyokuwa na taa na watumishi yakiwa magofu, na madaka ya ukutani yaliyopangwa vyombo vya thamani yakiwa malazi ya makinda ya ndege. Wengi huusoma utungo huo kama onyo la kifo na akhera, na hawakosei. Ila lipo jambo ambalo nimekuwa nikiwaelekeza wanafunzi wangu walitazame: mshairi anazungumza na nani? Hakumwelekea sultani wala tajiri. Aliuelekea moyo wake, akauuliza, akaukemea, akausihi uamke. Waliokuwa wameiweka furaha yao ukutani iliporomoka pamoja na ukuta. Yeye, kwa kuuhutubia moyo, alituonesha mahali pa kuanzia hesabu.

Mwana Kupona binti Mshamu naye alikuwa mjane na mgonjwa alipomtungia binti yake utenzi maarufu unaobeba jina lake, mwaka 1858. Aliaga dunia miaka michache baadaye. Baadhi ya wasomaji wa leo wanabishana na nasaha zake juu ya ndoa, na ubishi huo ni halali. Lakini tuache nasaha kidogo, tumtazame mwenye kunasihi. Ni mwanamke aliyelala kitandani, mwili umechoka, anamwita binti yake aje na karatasi na wino. Jina lake lilikuwa Kupona, naye hakungoja kupona. Kama angesema, "Nitaandika nikipata nafuu," tusingekuwa na utenzi huo. Sijui kama aliiita hali yake furaha. Najua kwamba mtu anayepanga vina huku homa ikimpanga yeye, bado ana chumba kimoja moyoni ambacho ugonjwa haujapata ufunguo wake.

Tukija karibu zaidi na zama zetu, tunamkuta Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika waraka wenye kichwa "Kenya: Twendapi?", akakamatwa, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka 3 akiwa kijana wa miaka 22. Kalamu haikuruhusiwa gerezani. Alitunga kwa siri na kuandika juu ya karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata tungo hizo zikachapishwa kuwa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyokuja kupata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Naomba tukiangalie kwa makini kichwa cha diwani hiyo. Mtu aliyejihifadhi moyo wake katika kuta nne, akabaki mshairi pale alipotakiwa awe nambari ya mfungwa, hakukiita kitabu chake "Sauti ya Faraja". Alikiita kwa jina la kile alichokionja. Hapa ndipo wale wanaotuhubiria kwamba mwenye furaha ya ndani hapaswi kulalamika wanapopotea njia. Ndani ya gereza lile uhuru wa moyo na kuitaja dhiki kwa jina lake vilikuwa kitu kimoja. Mtu anayelazimika kusema kwamba gereza ni hoteli ndipo astahimili, huyo ameshatekwa mara mbili.

Nimemweka Fumo Liyongo mwisho ingawa ni mkongwe kuliko wote, kwa sababu kisa chake kinafunga hoja. Mapokeo ya pwani, ambayo Muhammad bin Abubakar Kijumwa aliyaweka katika utenzi mwaka 1913, yanasimulia kwamba Liyongo alifungwa na mtawala wa Pate aliyemhofu. Akiwa kifungoni alimtumia mama yake ujumbe kwa mafumbo, kupitia kwa kijakazi Saada, ili tupa ifichwe ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi hawatautamani. Kisha akawatungia watu wimbo wa gungu. Ngoma ilipokolea nje, matari na matoazi yakivuma, yeye ndani alikuwa akiikata minyororo, na sauti ya tupa ikamezwa na sauti ya wimbo.

Sijaona picha iliyo bora kuliko hiyo kwa suala letu. Liyongo angekuwa na wimbo bila tupa, angefia kifungoni akiimba. Angekuwa na tupa bila wimbo, walinzi wangeisikia na kuinyakua. Furaha ya moyoni ni wimbo. Jitihada ya kuibadili hali ni tupa. Aliyetufundisha kwamba tuchague kimoja alituibia kimoja. Mtu asiyekuwa na wimbo huchoka mapema katika mapambano, au hupambana kwa chuki hadi anafanana na anayempiga. Mtu mwenye wimbo ana pumzi ya kukata mnyororo hata usiku ukiwa mrefu.

Sasa nirejee kwa wale wanaoambiwa "ridhika". Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimeitafakari methali hii kwa jicho la sarufi, nikaona kwamba ubaya wa ushauri ule hauko katika kitenzi. Uko katika nafsi na hali. "Nimeridhika" ni nafsi ya kwanza. Ni kauli ya mtu aliyeshindana na moyo wake akaushinda, nasi tumvulie kofia. "Ridhika!" ni nafsi ya pili katika hali ya kuamuru, ni kauli ya mtu anayemtaka mwingine anyamaze. Kitenzi ni kilekile, lakini cha kwanza ni ushindi na cha pili ni kufuli. Elimu ya furaha ya ndani huandikwa katika nafsi ya kwanza tu. Ukitaka kumfunza mwenzio, muoneshe ukunjufu wako, kisha umsaidie kubeba mzigo. Mengine atajifunza mwenyewe.

Lipo pia kosa la kuchanganya kuridhika na kukata tamaa, maana kwa mbali hufanana kama mapacha. Nilifanya kazi miaka kadhaa na mwalimu aliyependa kusema, "Mimi nimeridhika." Hakuandaa tena andalio la somo, hakusahihisha insha, hakuuliza habari za haki zake wala za wenzake, na bustani nyuma ya nyumba yake ilimezwa na magugu. Wengine walimsifu kwa utulivu. Mimi niliona mtu aliyefunga duka. Mwalimu mwingine katika shule ileile, mwenye mshahara uleule na nyumba yenye nyufa zilezile, alikuwa akiandika barua za kudai madai ya walimu kwa mwandiko mzuri ajabu, na kila mwaka wa masika akipanda miche ya miembe ambayo alijua hataila matunda yake, kwa kuwa uhamisho ungeweza kuja wakati wowote. Kwangu kipimo ndicho hicho: aliyekata tamaa huacha kupanda, aliyeridhika hupanda.

Na wale wanaodhani kwamba hali ikinyooka furaha itakuja yenyewe, Kiswahili kimewawekea mtego katika kitenzi kimoja. Kukinai ni kutosheka. Lakini kukinai ni pia kuchoshwa na kitu kwa wingi wake, hata kikatia kichefuchefu. Anayekula wali wa nazi mara tatu kwa siku atakinai, na hatakuwa ametosheka kwa maana ya kwanza. Wahenga wetu waliona kwamba kutosheka na kuchoka kwa wingi ni milango miwili ya ukumbi mmoja, na mtu asipoangalia ataingia kwa huu akijidhania ameingia kwa ule.

Sitaki nieleweke kwamba kila moyo unaweza kukunjuliwa kwa hiari ya mwenyewe na kwa siku moja. Ipo sonona, ambayo ni maradhi kama malaria ilivyo maradhi. Aliyeshikwa na sonona hapungukiwi imani wala shukrani, na kumwambia achague furaha ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu achague kutembea. Huyo apelekwe kwa mganga wa hospitali, na jamaa zake wamkalie karibu. Ipo pia njaa. Tumbo tupu halina arudhi. Mtoto aliyeshinda na njaa asihutubiwe habari za moyo kabla hajapewa uji. Nasema haya kwa sababu hoja njema huharibiwa na mwenye kuitumia mahali pasipo pake.

Kizazi chetu kina ushahidi wake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulipokuwa katika chuo cha ualimu, sukari, sabuni na nguo nchini Tanzania vilikuwa vitu vya kupangia foleni. Jioni, taa zikiwa zimezimika, tulikuwa tukijibizana kwa mashairi bwenini, mmoja akitoa ubeti na mwingine akiudaka, na vicheko vikasikika hadi kwa mlezi wa chuo. Siku hizi nawasikia baadhi ya wenzangu wakiwaambia vijana, "Sisi tulikuwa hatuna kitu na tulikuwa na furaha," kana kwamba ukosefu ndio uliotuzalia furaha. Haikuwa hivyo. Tulikuwa na furaha foleni ikiwapo. Hatukuwa na furaha kwa sababu ya foleni. Asubuhi tulipanga mstari kama wengine, na aliyeruka mstari tulimkemea. Tofauti ya "ikiwapo" na "kwa sababu" ni ndogo katika sentensi, lakini ni kubwa katika maisha ya watu, na sisi tunaojiita wapenzi wa lugha ndio tunaopaswa kuilinda.

Washairi wenzangu, suala hili linatuhusu kuliko tunavyokiri. Ushairi una tamaa yake, nayo ni sifa. Siku hizi mtunzi hulitoa shairi lake saa mbili, na ikifika saa tatu anahesabu waliolipenda. Wakiwa wengi, usiku wake ni mwema. Wakiwa wachache, anaitilia shaka kazi ya miezi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao hatuutaji: mgema asiposifiwa, asije akauacha mnazi. Nimewaona vijana wenye vipaji wakiliacha gungu na bahari zetu nyingine kwa sababu tu mashindano fulani hayakuwapa nafasi. Walikuwa wamejenga katika kauli ya kutendwa. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miongo mitatu, akaandika vitabu zaidi ya 20 pembeni ya kazi hiyo, na baadhi ya vitabu vyake vilichapishwa baada ya kifo chake mwaka 1962. Aliyeandika kwa namna hiyo hakuwa akingoja makofi ndipo ashike kalamu.

Nasi tuna mwalimu mwingine wa jambo hili karibu zaidi, nayo ni arudhi. Mtunzi akishaandika ubeti wa kwanza amejifunga. Mizani 16 kwa mstari, vina vya kati na vya mwisho, hana ruhusa ya kuviruka. Mtu asiyejua ushairi hudhani kwamba mshairi anateseka humo. Sisi tunajua kwamba mara nyingi neno bora la shairi hupatikana kwa sababu neno la kwanza lilikataa kuingia. Tena tuna kibwagizo. Beti hubadilika: huu wa harusi, huu wa msiba, huu wa safari, kibwagizo hurudi palepale, na kila kinaporudi kinamaanisha zaidi. Furaha niliyoitetea hapa ni kibwagizo cha namna hiyo. Haiwezi kuziandika beti zote. Nyingine zinaandikwa na mvua, na bei ya unga, na wakubwa wa dunia. Lakini kila ubeti, ukiisha kusema machungu yake yote bila kufichwa, hukikuta kibwagizo kimesimama kikingoja.

Ataniuliza mtu: basi nifanye nini kesho asubuhi? Nina majibu matatu, nayo yote ni madogo, kwa kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. La kwanza, iite dhiki yako kwa jina lake, usiipambe. La pili, shika kazi moja ya kila siku ambayo haidai ruhusa ya mtu wala hongera yake: ubeti mmoja, tuta moja la mchicha, ukurasa mmoja wa kamusi. Mstaafu mwenye kazi ya namna hiyo humwona anakwenda dirishani kudai haki yake akiwa wima, kwa sababu hakwenda kuomba pia sababu ya kuishi. La tatu, ukishakunjua mkeka usiketi peke yako. Mkeka uliokunjuliwa una nafasi ya wawili, na mara nyingi yule wa pili ndiye anayekuja na tupa.

Nimalizie kwa beti tatu, kama ilivyo ada ya ukumbi huu.

Nimeketi barazani, jua linapoinama,
Sina senti mfukoni, ila roho yangu nzima,
Furaha si ya dukani, kununuliwa kwa pima,
Ukunjufu wa moyoni, haungoji hali njema.

Mkononi nina tupa, minyororo naikata,
Na wimbo sitautupa, hata pingu zikinata,
Wala dhiki sitakwepa, kwa jina lake naita,
Ukunjufu wa moyoni, haungoji hali njema.

Kaditama washairi, kalamu ninaitua,
Tusiwe wa kusubiri, sifa za kutuinua,
Shairi likiwa zuri, moyo wako utajua,
Ukunjufu wa moyoni, haungoji hali njema.